Sekunde tisa: kisa cha fundi aliyeitwa kwenye kipindi

Kwenye picha halisi, yule mume alinyamaza sekunde 9. Kwenye kipindi chetu cha ugomvi wa mke na mume, kilichorushwa Jumamosi jioni, alinyamaza sekunde 31. Zile 22 za nyongeza nilizitengeneza mimi, ndani ya chumba cha nyuma cha studio ndogo huku Lubumbashi, feni ikizunguka na kompyuta ikichemka. Wakati ule nilikuwa mtu wa montaji, yaani wa kukata na kuunganisha picha, na nilijua kazi yangu. Nilichukua vipande alivyokuwa ameketi anatazama kiatu chake kabla hatujaanza, wakati kijana wa sauti anambana kipaza sauti kwenye kola, nikavipachika katikati ya swali na jibu. Chini yake nikaweka mlio mmoja mrefu wa kinanda. Ukiitazama unaapa kwamba mtu huyu amekamatwa.

Nimekisimulia kisa hiki kwa mdomo mara nyingi, na kila mara watu hurukia swali lilelile: kwani alikuwa na mwanamke wa nje, au hakuwa naye? Jibu lipo na nitalitoa. Ila kipindi chetu kilijengwa juu ya swali hilohilo, kwa hiyo msomaji naye ajue kwamba anapolisubiri, amekaa kwenye kiti kimoja cha plastiki pamoja na watazamaji wetu 60, ambao kila mmoja tulimpa sukre, yaani soda, moja ya baridi ili apige makofi.

Mlalamikaji alikuwa mke. Anauza makala, yaani mkaa, mtaa wa Katuba, gunia na vifungu, mikono yake haitoki weusi hata Jumapili. Ndoa ya miaka 11, watoto wanne. Mume ni fundi wa kuchomelea vyuma, anatengeneza milango na madirisha ya malupango, yaani viwanja vya nyumba. Mke alikuwa ameona kwenye simu ya mumewe kwamba kila mwisho wa mwezi dola 40 zinaondoka kwa M-Pesa kwenda kwa mwanamke mmoja wa Likasi. Alipeleka neno kwenye ukoo mara mbili. Vikao vyote viwili viliongozwa na baba mdogo wa mume, na vyote viwili viliisha kwa sentensi moja: “Bibi hapana kufungula telefone ya bwana.” Akaambiwa apike bukari, yaani ugali, mambo yataenda.

Ndipo akapiga namba iliyokuwa inapita chini ya skrini yetu. Nilisikia simu yake kwa sababu tulizirekodi zote. Hakulia. Alisema: “Mi sitaki feza. Nataka tu aseme mbele ya batu.”

Wanaopenda kuwadharau washiriki wa vipindi vya namna hii, eti wanatafuta kuonekana, eti hawana aibu, nadhani hawajawahi kushindwa kwenye kikao ambacho mwenye kiti ni ndugu wa mshtakiwa. Mama huyu alikuwa na njia tatu. Ukoo, ambao ulishamjibu. Mahakama ya amani, ile tunayoita tripaix, ambako angetumia siku za soko na pesa za karatasi kwa jambo ambalo hata hakutaka liwe kesi. Na sisi. Alichagua mahali pekee ambapo baba mdogo hawezi kukalia kiti cha mbele. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Alichokosa ni kujua kwamba na sisi tulikuwa na hesabu yetu.

Tulimpataje mume? Kwa uongo. Mtu wetu wa nje alikwenda kwenye karakana yake akamwambia kuna kipindi cha mafundi wa mji, amechaguliwa, avae vizuri. Akaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ulisimama. Begani alibeba mfuko wenye kipande cha mlango wa chuma, ua moja la kukunjwa kwa mkono, la kuwaonyesha watu. Ule mfuko upo kwenye picha halisi. Ukitazama chini ya kiti chake dakika ya 4 utauona. Kwenye mkato wa hewani niliikuza picha kidogo upande wa kulia ili mfuko usionekane, kwa sababu ulikuwa unaharibu hadithi: mzinzi haji na ua la chuma.

Mtangazaji alianza na maswali mawili ya ufundi, kisha taa ikageuka, mke akatoka nyuma ya pazia. Watu 60 wakapiga kelele. Kijana wa kamera ya pili alikuwa ameambiwa asitoe jicho usoni kwa mume hata kitokee nini.

Kisha simu. Mtangazaji alinyoosha mkono, kiganja juu, kwa upole kabisa kama daktari: “Papa, kama hakuna kitu, tupe telefone.” Hapo hakuna namna ya kutoka. Ukikataa, umekiri. Ukitoa, umekwisha. Akatoa. Ujumbe wa M-Pesa ukasomwa kwa sauti mmoja baada ya mwingine, miezi 7, na kila “dola 40” ukumbi unajibu “eeeh!” kama kiitikio kanisani.

“Papa, huyu mwanamuke wa Likasi ni nani? Sema. Mama iko hapa, batu beko hapa.”

Sekunde 9. Halafu akasema kitu ambacho hakikutoka hewani: “Hii maneno hapana ya mie peke yangu.”

Niliikata. Bosi aliketi nyuma yangu akasema sentensi hiyo haieleweki, inapunguza moto. Nami niliona hivyohivyo. Nikaruka moja kwa moja kwenye mke anayejifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Karatasi ilisainiwa mwishoni. Nataka kukaa kidogo kwenye meza ile, maana sidhani kama kuna sehemu ya kisa hiki inayosema zaidi. Ilikuwa ukurasa mmoja wa Kifaransa, kwamba mhusika anakubali picha yake itumike popote na kwa muda wowote. Mke na mume wote wanaongea Kiswahili. Kifaransa chao ni cha kusalimia na kuhesabu. Juu ya meza palikuwa na bahasha mbili za transport, yaani nauli, faranga 20,000 kila moja. Feni ilikuwa inapeperusha karatasi, kwa hiyo msichana wa mapokezi alichukua simu ya mume, ambayo ilikuwa bado haijarudishwa, akaiweka juu yake iwe uzito. Ili kuipata simu yake, mume alipaswa kuisogeza. Alipoisogeza, akapewa kalamu. Akasaini.

Baadaye bosi angesema: alisaini. Na ni kweli, sahihi ipo.

Sasa lile jibu. Mwanamke wa Likasi, mji ulio kilomita kama 120 kutoka hapa, ni mlezi. Mdogo wa kike wa fundi alizaa akiwa bado shuleni, miaka mingi nyuma. Mtoto akapelekwa Likasi kwa mama mmoja mtu mzima, na ukoo ukafunga mdomo. Yule dada baadaye akaolewa hapahapa Lubumbashi na mume ambaye hakuambiwa kitu. Kaka ndiye aliyebeba chakula na masomo ya mtoto, kimyakimya, kila mwisho wa mwezi. Baba mdogo alijua. Ndiyo sababu alifunga vikao vile haraka. Alikuwa analinda ndoa ya binti wa ukoo kwa gharama ya ndoa ya muuza makala. Hilo nalo si haki, na sitamtetea mzee yule.

Kipindi kilipotoka, jina la mlezi lilikuwa limesikika waziwazi. Sikulifunika kwa mlio, sikuwaza. Mtu mmoja Likasi alimtambua, akauliza pesa ya nini, na haikufika wiki mbili neno likarudi Lubumbashi likiwa limekamilika. Dada alirudi kwenye lupango la wazazi wake na mifuko miwili. Yeye hakuwahi kukanyaga studio yetu. Hakupiga simu, hakusaini, hakupewa transport wala sukre.

Kwa fundi, kilichobaki ni kiatu. Vijana wa mtaa walifanya mchezo: ukimuuliza mwenzako swali gumu, anainamisha kichwa anatazama kiatu, wote wanacheka. Wateja walifanya hivyo mbele yake kwenye karakana. Mtoto wake mkubwa wa kiume aliwekewa mchezo huo darasani, akaanza kukataa kwenda shule. Hicho kiatu, narudia, ni cha kabla ya kipindi. Mtu alikuwa anabanwa kipaza sauti, akaangalia chini kama kila mtu anavyoangalia chini akibanwa kitu kwenye kola. Mji mzima unacheka kosa la montaji.

Mke alikuja studio siku ya tisa au ya kumi. Aliniuliza mimi, kwa kuwa ndimi aliyenikuta mlangoni: “Mwanangu, munaweza kuitosha?” Yaani kuiondoa. Nikamwambia nitauliza. Bosi alimwonyesha karatasi. Hata kama angekubali, vipande vya dakika moja moja vilikuwa tayari kwenye makundi ya WhatsApp, mpaka kwa jamaa zetu wa Ndola na Kitwe ng'ambo ya mpaka.

Kisa kama hiki hakikuanzia kwetu, na wale walioanza zamani wameshalipa ada ya kujua. Tarehe 6 Machi 1995, kipindi cha Jenny Jones nchini Marekani kilimrekodi kijana aliyejua tu kwamba kuna mtu anayempenda kwa siri, nani, hakujua. Mbele ya ukumbi ikawa ni mwanamume aliyemfahamu. Siku tatu baadaye, Machi 9, kijana yule alikwenda kwa mwenzake kule Michigan akamuua kwa bunduki. Kipindi chenyewe hakikurushwa kamwe. Muuaji alihukumiwa, na hakuna mtangazaji aliyeshika ile bunduki. Familia ya marehemu iliwashtaki wenye kipindi. Baraza la wazee wa mahakama liliamua mwaka 1999 walipwe zaidi ya dola milioni 25, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya Michigan ikaifuta hukumu hiyo. Kisheria wenye kipindi walishinda. Mimi huwa nakumbuka zaidi jambo dogo: mtego wao ulihitaji mtu mmoja asijue anakwenda wapi, kama wetu ulivyohitaji shati jeupe na ua la chuma.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na simu yetu. Uingereza walikuwa na kipindi cha Jeremy Kyle kwenye ITV tangu 2005. Septemba 2007, kipindi kikiwa bado kichanga, jaji mmoja wa Manchester alishakilinganisha na ule mchezo wa kale wa kuwachochea mbwa wampige dubu aliyefungwa. Kiliendelea miaka mingine 12. Silaha yake kubwa ilikuwa mashine ya kupima uongo. Mei 2019 mshiriki mmoja aliyeambiwa ameshindwa kipimo hicho, juu ya kama alimsaliti mchumba wake, alikutwa amekufa wiki moja baada ya kurekodiwa. Kipindi kikafungwa tarehe 15 mwezi huohuo. Wakuu wake walipoitwa mbele ya kamati ya bunge na kuulizwa kipimo kile kinakuwa sahihi kwa kiasi gani, hawakuwa na jibu la kutoa. Miaka 14 ya kuvunja watu kwa mashine ambayo wenyewe hawakujua inakosea mara ngapi! Uchunguzi wa kifo ulipokamilika mwaka 2024, ilionekana inawezekana kipindi kiliongeza uchungu wa marehemu, ila haikuthibitika kwamba ndicho kilichomuua. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua jinsi lilivyo rahisi kwa mtu wa montaji kukata upande usiompendeza.

Sisi hatuna mashine ya uongo. Tuna simu, na tunaiamini zaidi ya Waingereza walivyoamini waya zao. M-Pesa hutaja kiasi, jina na saa. Kwa nini pesa imetumwa, haitaji. Lile “kwa nini” tulilijaza sisi kwa kinanda.

Wazee wa mji huu watasema: lakini ugomvi wa nyumba tumeutazama kwenye televisheni tangu zamani. Ni kweli, na ni fahari yetu. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha hapahapa, redioni na kwenye tele, kwa miongo kadhaa: mume mlevi, bibi wawili, mama mkwe asiyeshiba, mtoto anayemdanganya baba. Watu walijiona mle ndani wakacheka mpaka machozi. Asubuhi, aliyekuwa mume mlevi alikuwa anapita barabarani amevaa suti yake, anasalimiwa. Aibu ilibebwa na mtu ambaye kazi yake ni kuibeba, akaivua pamoja na nguo za mchezo. Fundi wetu alirudi nyumbani bado ameivaa.

Kikao nacho kina tabia moja ambayo sisi wa kamera hatuna: kinafungwa. Kinaweza kuwa cha upendeleo, kama kile cha baba mdogo. Kinaweza kumnyima mwanamke haki yake mchana kweupe. Lakini yupo mtu mwenye sauti ya kusema neno hili limeishia hapa, na anayelifufua barabarani anatozwa faini. Sisi tulimchukua mama kutoka kwenye kikao kilichofungwa mapema mno, tukampeleka mahali ambapo hakuna awezaye kufunga. Hata mtangazaji hawezi. Hata bosi, akitaka kwa moyo wote, hawezi.

Sheria? Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na ujumbe wa simu ni mawasiliano. Kuna CSAC, chombo cha kusimamia redio na televisheni, chenye sheria yake ya Januari 2011. Muuza makala haandiki barua kwa CSAC. Hata angeandika, barua inatembea kwa miguu na video kwa ndege.

Nilipotaka kuacha kazi, bosi aliniuliza swali la haki: wewe ungefanyaje? Nilimjibu vibaya siku ile, nilikuwa na hasira. Leo ningemjibu hivi. Mume aambiwe ukweli wote kabla hajatoka kwake: nani amemwita, kwa neno gani. Asipotaka kuja, mke aongee peke yake, uso umefunikwa, na hilo pia ni kipindi. Karatasi isomwe kwa Kiswahili kwa sauti, siku moja kabla, bila bahasha mezani, na kila upande uwe na ruhusa ya kujitoa mpaka ule mkato wa mwisho utakapoonyeshwa kwao. Simu isisomwe hewani, kamwe; humo ndani mna watu ambao hawajaalikwa. Na mtu akisema “hii maneno hapana ya mie peke yangu”, kamera izimwe, mtangazaji amsogeze pembeni amuulize taratibu ni ya nani mwingine. Sentensi hiyo ni kengele, nami niliitupa kwa sababu haina moto. Uingereza, tangu tarehe 5 Aprili 2021, kanuni za Ofcom, chombo chao cha kusimamia utangazaji, zinawataka wenye vituo kumtunza mshiriki anayeweza kudhurika na kumweleza hatari mapema. Kwetu hata bila Ofcom ingewezekana, ni adabu tu ya mwenye nyumba kwa mgeni.

Bosi angesema kipindi cha namna hiyo hakitazamwi. Nadhani yuko sawa kwa sehemu kubwa. Kingekuwa cha polepole, siku nyingine kisingekuwepo kabisa. Mimi mwenyewe, nikiwa nyumbani nimechoka, vipande vya kipindi cha Afrika Kusini cha kuwafumania wapenzi vikiingia kwenye simu yangu, vidole vyangu havisiti. Sijitoi kwenye wale watu 60.

Mwaka uliofuata nilihitaji mlango wa geti. Ningeweza kwenda kwa fundi yeyote, nilikwenda kwake. Hakunijua, maana mtu wa montaji haonekani. Nilimwambia mimi ni nani wakati anapima upana kwa futi. Aliendelea kupima, akaandika namba kwa chaki kwenye sakafu, ndipo akauliza: “Ile maneno yangu mulitosha, muliiweka wapi?”

Nikamwambia ninayo. Nilikuwa nimenakili picha zote kwenye diski yangu kabla sijaondoka. Nikamwambia naweza kuitoa, sekunde 9 kama zilivyokuwa, na sentensi yake, na mfuko wenye ua la chuma, watu waone. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa muda mrefu, na nadhani sauti yangu ilikuwa na furaha kidogo.

Alinitazama. “Na dada yangu?” akasema. “Batauliza tena ile maneno ni ya nani.”

Kisha akashusha kinyago usoni, akaniomba nigeuze macho, akawasha moto.